Kava, Stempu na Upande wa Juu: Kutunza Filamu za Bongo Nyumbani Mkoani Mara

Ukitaka kujua kama VCD ya zamani ya Bongo muvi ilitoka kiwandani au ilichomwa kwenye kompyuta ya mtu, achana na kava. Igeuze. Chini ikiwa na rangi ya fedha tupu, na kwenye duara la katikati kukiwa na herufi na tarakimu ndogo zilizochongwa, hiyo ni ya kiwandani. Ukiona kijani, buluu au zambarau, imechomwa. Kava lolote linaweza kutolewa kopi ya rangi pale stationari, Mtaa wa Mukendo mjini Musoma, ila rangi ya chini ya diski ni vigumu kuighushi.

Nazungumzia VCD kwa sababu ndiyo kumbukumbu ya filamu unayoweza kuipata Mara bila kuuza ng'ombe. Mkoa una filamu yake kubwa, hilo halina ubishi: Serengeti Shall Not Die ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ya mwaka 1959, iliyopata Oscar mwaka 1960. Michael hakuiona tuzo hiyo. Alifariki Januari 1959 pale ndege yao iliyopakwa milia ya pundamilia ilipoanguka. Hifadhi ya Serengeti yenyewe inafika hadi Bunda, na geti la Ndabaka liko pale kwenye barabara ya Mwanza–Musoma. Lakini bango halisi la filamu hiyo ni la kutafutwa Ulaya, kwa bei ya Ulaya. Kazi za waigizaji wetu Kanumba na Ray zimelala kwenye maboksi humu humu.

Maboksi hayo yako wapi? Biashara ya diski iliuawa na flashi: unampa kijana flashi yako, anakujazia muvi, mnaagana. Aliyekuwa akikodisha kanda na CD mara nyingi hakuutupa mzigo. Aliusukuma nyuma ya kaunta, akaanza kuuza chaja. Kwa hiyo usiingie dukani kuulizia filamu za zamani. Ulizia nani alikuwa na maktaba ya video mtaani, na nani alikuwa na kibanda cha kuonyeshea. Mafundi deki nao huwa na diski za kujaribia mashine, ila hizo zimechubuka vibaya.

Umri wa diski unasomeka kwenye stempu. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Sasa ukikuta filamu ya Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, ina stempu hiyo, ujue ni toleo lililorudiwa au mzigo wa zamani uliobandikwa baadaye. Ni halali kabisa, lakini muuzaji asikupige bei ya nakala ya kwanza. Na isiyo na stempu isihukumiwe kuwa feki kwa sababu hiyo tu. Huenda ni ya zamani zaidi. Stempu yenyewe usiibandue, gundi yake itaondoka na rangi ya kava.

Kuna kundi ambalo wakusanyaji wanalidharau bure: filamu za nje zilizotafsiriwa kwa sauti na watu kama Lufufu na King Rich. Kisheria zina utata, maana picha ni mali ya mwingine. Mimi ningezitafuta hizo kwanza. Filamu ya Kimarekani ina nakala zake salama kwenye maghala ya studio huko kwao. Sauti ya Lufufu akiwasimulia watazamaji kwa Kiswahili cha vibandani ilibaki kwenye kanda na diski hizi zilizochoka.

Kwenye utunzaji, wengi hulinda upande wa chini, ule unaong'aa, na kuusahau upande wa picha. Kwa VCD ni kujiumiza. VCD ni CD ya kawaida: plastiki ya unene wa milimita 1.2, na tabaka la alumini lililobeba filamu liko juu kabisa, limefunikwa na vanishi nyembamba na wino. Mkwaruzo wa chini mara nyingi umeishia kwenye plastiki, na ukisuguliwa kitaalamu unaweza kuisha. Mkwaruzo wa juu unang'oa filamu yenyewe. DVD imeundwa kwa plastiki mbili za milimita 0.6 zilizolibana tabaka katikati, kwa hiyo huko juu inavumilia zaidi, ila ukiipinda mara kwa mara zinaachana. Inyanyue VCD yako mbele ya taa. Ukiona vitundu vya mwanga, alumini imetoka hapo na hakuna fundi wa kuirudisha. Usiandike juu yake kwa kalamu ya ncha ngumu, usibandike karatasi, usizirundike bila mifuko. Kuifuta, toka tundu la katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha mkono.

Nyumba zetu za kandokando ya ziwa zina unyevu, na bati linaleta joto. Chini ya kitanda, juu ya saruji, unyevu unapanda. Darini, jua la mchana linapinda plastiki. Kinachobaki ni kabati katika chumba cha ndani, rafu ya katikati, lisiloegemea ukuta wa nje, na miguu yake ikaguliwe mchwa. Ndoo yenye mfuniko inafaa iwapo vitu vilikuwa vikavu. Ukiifunga siku ya mvua umeufungia unyevu ndani. Vifuko vya chembechembe vya kwenye maboksi ya viatu husaidia kidogo, kisha hushiba. Nafthalini iache kwenye nguo, mvuke wake hudhuru baadhi ya plastiki.

Kava ndilo lenye thamani kuliko watu wanavyodhani, na ndilo linaloharibiwa kwa nia njema. Ukilipeleka kulaminishwa kama cheti, joto na gundi vimeingia na havitoki tena. Selotepu hugeuka njano na kuacha utomvu. Tumia mfuko wa plastiki laini usio na harufu. Ule wa PVC, unaonuka kama pazia jipya la bafuni, baada ya miaka hunata na kunyonya wino.

Kanda za VHS, za enzi za Girlfriend ya George Tyson ya 2003, zisimamishwe wima kama vitabu, utepe ukiwa umerudishwa mwanzo. Zisikae juu ya sabufa. Ndani yake kuna sumaku. Chungulia kwenye kidirisha chake: ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu, na kanda hiyo ukiiingiza kwenye deki unaambukiza zote zitakazofuata. Kijipande cha plastiki cha mgongoni kivunje, asije mtu akarekodi harusi juu yake.

Kila kitu kiandikwe kwenye daftari: kilinunuliwa wapi, kwa nani, lini, kilikuwa kinakodishwa kibanda gani. Mfano uko karibu: Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, yana zawadi nyingi alizopewa Mwalimu. Nyingi ungeweza kuzipita tu, mpaka usome zilitoka kwa nani.

Nakala ya kutazama itengenezwe mapema. Ukiifungua VCD kwenye kompyuta utakuta folda inaitwa MPEGAV, na ndani yake faili la AVSEQ01.DAT, hilo ndilo filamu, na programu kama VLC inalicheza. Nakili kwenye diski mbili za nje zinazokaa nyumba tofauti. VCD ina kinga ndogo ya makosa kuliko CD ya data, kwa hiyo kunakili kukikwama katikati, safisha diski na ujaribu kisomeo kingine kabla ya kukata tamaa. Na nunua sasa kisomeo cha CD cha nje cha USB, kwa sababu kompyuta mpya nyingi haziji nacho.