Nguo Kambani, Theluji Chini

Huko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kati ya theluji na majani ya kwanza ya majira ya kuchipua, mto Mississippi hauna mvuto kwa watalii. Wapiga picha wa kalenda husubiri. Alec Soth hakusubiri. Katika kitabu chake Sleeping by the Mississippi (2004) kuna picha ya nyumba inayoelea, "Peter's Houseboat", aliyoipiga Winona mwaka 2002: theluji chini, miti mitupu, na nguo za rangi kambani.

Soth alitumia kamera kubwa ya filamu ya inchi 8 kwa 10, ile inayosimamishwa kwenye miguu mitatu na isiyojua haraka. Utulivu huo unaipendeza picha, labda kupita kiasi. Peter mwenyewe haonekani. Tumeachiwa jina lake na zile nguo. Jina la kitabu linatualika kuota, ilhali anayeanika nguo kwenye baridi ile anataka tu zikauke. Hapo nabishana na Soth.

Hata hivyo, majani yangeota, ukingo ule ungefunikwa, na wa kalenda angepita asijue kwamba pana mtu anaishi.