Jinsi Lorang Alivyoachiwa Maneno Yake

Anayetaka kujua mahari ilivyopatanwa Turkana nusu karne iliyopita anaweza kuanza na majalada ya utawala, yaliyoandikwa kwa Kiingereza katika ofisi kama ile ya Lodwar. Humo atakuta mfugaji akisemewa. Katika filamu tatu za kianthropolojia za David na Judith MacDougall (Lorang's Way, The Wedding Camels na A Wife Among Wives), zilizopigwa mwaka 1973 na 1974, atamkuta akisema mwenyewe. Tofauti hiyo ilitokana na maamuzi ya kiufundi.

La kwanza ni sauti. Filamu nyingi za wanaanthropolojia wakati ule zilikuwa na msimulizi aliyezungumza juu ya picha, wenyeji wakabaki kuchezesha midomo tu. Hawa wawili waligawana kazi, David akashika kamera na Judith akanasa sauti. Mazungumzo yakabaki ya Kiturkana, na tafsiri ya Kiingereza ikaandikwa chini ya picha. Walikuwa wameshaijaribu njia hiyo kwa Wajie wa Uganda, katika To Live with Herds ya mwaka 1972. Faida yake kwa mtafiti ni kubwa: maneno ya asili yapo, kwa hiyo Mturkana yeyote anaweza kuisikiliza filamu leo na kuikosoa tafsiri.

La pili ni mahali pa kamera. David aliiweka pale ambapo mgeni wa boma angeweza kuketi au kusimama, bila kujidai kwamba anaona kila kitu kutoka kila upande. Mzee akigeuka, mtazamaji anabaki na mgongo wake.

La tatu ni namna ya kushughulikia mapengo. Kopo la kawaida la mkanda wa milimita 16, lenye futi 400, huisha kwa takriban dakika 11, ilhali mabishano ya mahari hayana saa. Katika The Wedding Camels, Kongu anamposa Akai, binti wa rafiki yake Lorang, na hesabu ya mifugo inazua mvutano. Filamu haijifanyi kuwa imenasa yote. Inaongeza maelezo mafupi ya maandishi na kuwarudia wahusika kwa maswali, na maswali yenyewe yanasikika. Lorang, aliyewahi kuwa askari wa mkoloni kabla ya kurudi kwenye mifugo, anajibu akijua anaulizwa na nani.

Kasoro ipo. Aliyechagua kipi kikatwe ni mtengenezaji, na sauti ya wanaume inatamba mpaka filamu ya tatu inapowageukia wanawake na maisha ya uke wenza.

Somo hili linawahusu wanaonasa simulizi leo Lodwar, na hata Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 imezoea kamera za wageni. Simu haina kikomo cha dakika 11, lakini video ya dakika mbili iliyokatwa swali, ikakosa tarehe na kufunikwa na muziki, haitamfaa mwanahistoria. Tunza faili zima kabla ya kuhariri, acha swali lisikike, taja lugha, mahali na siku. Jibu lisilo na swali lake anaweza kulitumia yeyote kuthibitisha lolote.