Mashambulizi ya Mwendo: Namna ya Kutambua Kazi Safi

Mashambulizi ya mwendo ni mtindo wa mpira wa kikapu ambao wachezaji watano hawaongozwi na mchoro uliokamilika kuanzia pasi ya kwanza hadi mtupo. Wanaongozwa na kanuni chache: aliyetoa pasi asisimame, aliyebanwa kwa mbele apite nyuma ya mlinzi wake, mwenzake akija na mpira upande wake, ampishe. Kinachofuata hakijulikani mapema, kwa kuwa kinategemea mlinzi atakavyofanya. Bob Knight, aliyeanza kufundisha Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1971, aliujenga mtindo wake juu ya usomaji huo wa mlinzi, na kikosi chake cha 1975–76 kilishinda michezo yote 32 na kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani.

Timu inayosuasua huvutiwa na mtindo huu kwa sababu zinazoeleweka. Mara nyingi haina mfungaji wa kutegemewa. Mpira hukaa kwa mtu mmoja anayedunda huku wanne wakimtazama, na saa ya sekunde 24 inaisha akiwa amebanwa. Kocha akitangaza kwamba kuanzia sasa kila mtu ataugusa mpira, wachezaji hufurahi, mashabiki nao hufurahi, na baada ya mazoezi machache uwanja mzima ni mbio. Hapo ndipo tathmini nyingi zinapokosewa. Mchezaji anayekimbia kutoka kona hadi kona bila mlinzi wake kulazimika kuamua lolote ametoka jasho tu. Swali la kuuliza katika kila hatua ni kama mwendo umemlazimisha mlinzi kuchagua, na kama mshambuliaji ameuona uchaguzi huo na kuutumia.

Cha kwanza kuangaliwa ni nafasi, nayo huonekana hata kabla ya pasi ya kwanza. Wachezaji wa nje wanatakiwa waachane kwa mita nne hadi tano. Wakikaribiana zaidi, mlinzi mmoja anawalinda wawili. Wakitengana mno, pasi inakaa hewani muda wa kutosha kuibiwa. Timu ngeni katika mtindo huu huharibu nafasi kwa nia njema kabisa. Kila mmoja anataka kusaidia, wote wanausogelea mpira, na baada ya pasi tatu wanne wamebanana upande mmoja kama abiria mlangoni mwa daladala. Kwa waliokomaa, mchezaji akichomoka kwenda kikapuni, jirani yake anahamia palipoachwa wazi bila kuitwa. Anayetathmini atajifunza kidogo kwa kumfuata anayechomoka. Aitazame sehemu aliyoiacha, na aone inakaa tupu kwa muda gani.

Kuchomoka kwenyewe kuna daraja zake. Mchomoko hafifu ni wa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, na mlinzi anausindikiza bila shida. Ulio mzuri una mabadiliko ndani yake: hatua mbili za polepole za kumsogeza mlinzi upande usiotakiwa, mguu wa nje unakanyaga kwa nguvu, kisha kasi, na mkono wa mbele umeshafunguliwa kuonyesha mpira uletwe wapi. Wakati wa kuanza unategemea macho ya mwenye mpira. Anayechomoka mwenzake akiwa ametazama kwingine ameipoteza njia yake, hata kama hakuwa na mtu wa kumzuia.

Mfano unaotajwa sana ni wa Machi 1996, pale Princeton ya kocha Pete Carril ilipokutana na UCLA, mabingwa watetezi, katika raundi ya kwanza ya mashindano ya vyuo. Matokeo yalikuwa 41–41 na zilibaki sekunde chache. Senta Steve Goodrich alikuwa ameshika mpira mbali na kikapu. Gabe Lewullis alichomoka, akakuta amezibwa, akarudi nje. Mlinzi wake alipomfuata ili kuizuia pasi ya nje, Lewullis aligeuka ghafla na kupita nyuma yake. Pasi ya kudunda, leiapu, 43–41. Marudio ya televisheni huanzia kwenye pasi hiyo, na huo ni uhariri mbaya. Sehemu yenye ufundi ni ile safari ya kwanza iliyoshindikana pamoja na utulivu wa Goodrich, ambaye hakuukimbiza mpira kwingine bali alisubiri mlinzi akosee.

Kizuizi ndicho kinachotenganisha timu iliyofundishwa na timu iliyohubiriwa. Kanuni za mchezo zinamtaka mwekaji kizuizi awe amesimama tuli mlinzi anapogusana naye. Akiendelea kusogea ni faulo. Kwa hiyo anatakiwa afike mapema, asimame kwa miguu iliyoachana, mgongo wake ukielekea mahali mwenzake anapotaka kwenda. Timu ikiadhibiwa mara kwa mara kwa vizuizi vinavyosogea, tatizo mara nyingi si ubabe wa waweka vizuizi. Watumiaji wao wana haraka, wanaondoka kabla ya wenzao kusimama. Anayekitumia kizuizi vizuri hupita karibu kiasi kwamba bega lake linakwaruza kiuno cha mwenzake, bila upenyo wa mlinzi kupenya katikati. Nafasi ya nusu mita kati yao ni dalili kwamba mazoezi yalifanyika bila walinzi.

Akishapita, anasoma. Mlinzi akimfuata mgongoni, anazunguka kizuizi na kuingia kikapuni. Mlinzi akikata njia kwa kupita upande wa pili wa kizuizi, mchezaji anarudi nyuma kuelekea kona na kupokea mpira akiwa wazi kwa mtupo. Mlinzi akitangulia kabla ya wakati, mchezaji anaacha kukitumia kizuizi na kuchomoka moja kwa moja kwenda kikapuni. Mbinu zenyewe zinajulikana na kila kocha wa shule ya sekondari. Ubora unaonekana katika uwiano wa matumizi yake: mchezaji anayezunguka kila mara, mlinzi awe wapi au wapi, anacheza mchoro aliokariri. Katika robo moja ya mchezo ni rahisi kumtambua kwa kumfuatilia yeye peke yake na kuusahau mpira.

Mwekaji kizuizi naye hajamaliza kazi. Walinzi wawili wakimkimbilia mwenzake, yeye ndiye aliye wazi. Katika timu dhaifu hubaki amesimama akitazama alichokisababisha. Katika timu nzuri amegeukia mpira kabla vumbi halijatulia.

Kuhusu pasi, kipimo cha makocha wengi wa leo ni muda. Kwa San Antonio Spurs ya Gregg Popovich kilitajwa kama nusu sekunde: mpira ukifika, ndani ya muda huo mchezaji awe ametupa, ameingia kwa kudunda, au ameupasia. Fainali ya 2014 dhidi ya Miami, ambayo Spurs waliishinda 4–1, ndiyo darasa la kipimo hicho. Popovich alimwanzisha Boris Diaw kuanzia mchezo wa tatu, mtu mzito wa mwili lakini mwepesi wa kuamua, na katika nusu ya kwanza ya mchezo huo Spurs walifunga pointi 71. Mpira uliwahi kuliko miguu ya walinzi. Mchezaji anayeushika juu ya kichwa, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akadunda mara mbili bila kwenda popote, ameirudisha timu mwanzo, na walinzi waliokuwa wamepotea wamepata muda wa kujipanga.

Haraka hiyo isichanganywe na pasi za kuzungusha. Timu inaweza kupiga pasi kumi kando ya mstari wa pointi tatu bila mlinzi hata mmoja kugeuza kiuno, halafu watangazaji wakaisifu kwa uvumilivu. Pasi yenye thamani humfanya mlinzi ageuke, apige hatua ndefu, au amwache mtu wake ili kusaidia. Nyingine zote ni maandalizi. Baadhi ya maandalizi yanahitajika, lakini si yote.

Suala gumu zaidi kwa timu inayobadili mtindo ni kama ina mtu mrefu anayejua kupasia. Mpira ukiwa kwa senta karibu na mstari wa mitupo huru, mlinzi mrefu wa wapinzani anavutwa mbali na kikapu na njia za kuchomoka zinafunguka pande zote. Sacramento Kings ni ushahidi mzuri. Walimaliza msimu wa 1997–98 na ushindi 27 na vipigo 55. Msimu uliofuata walikuja na kocha Rick Adelman, huku Carril, aliyestaafu Princeton, akiwa miongoni mwa wasaidizi, na walikuwa wamewapata Chris Webber na Vlade Divac, warefu wawili wenye macho ya wachezesha timu. Katika msimu uliofupishwa na mgogoro wa mikataba walishinda 27 na kupoteza 23. Kufikia 2001–02 walishinda 61. Haifai kuupa mtindo sifa yote, maana wachezaji walibadilika pia. Ila ni vigumu kuona ni mtindo gani mwingine ungeweza kutumia vipaji vya Webber na Divac kwa pamoja bila mmoja kumziba mwenzake.

Upande wa pili wapo New York Knicks. Walishinda michezo 37 msimu wa 2013–14, kisha wakapewa kocha mpya, Derek Fisher, na mashambulizi ya pembetatu aliyoyataka rais wa klabu, Phil Jackson. Pembetatu ni ndugu wa karibu wa mashambulizi ya mwendo. Inadai usomaji uleule wa mlinzi. Msimu wa 2014–15 walishinda 17 na kupoteza 65. Zipo sababu nje ya mtindo: Carmelo Anthony alicheza michezo 40 tu kabla ya upasuaji wa goti, senta Tyson Chandler alikuwa ameuzwa, na Januari J.R. Smith na Iman Shumpert wakaondoka. Hata hivyo uhai wa mchezo wa Anthony ulikuwa katika kuushika mpira pembeni na kumkabili mtu mmoja. Mfungaji wa namna hiyo akiwekwa katikati ya mtindo unaomtaka auachie mpira mapema, lazima kimoja kati ya viwili kipungue thamani. Mwenye kupima asiulize tu kama mtindo ni mzuri. Aulize unamfanya nani awe bora na nani awe wa kawaida.

Takwimu zinasaidia, lakini zinahitaji kusomwa kwa zamu yake. Mwanzoni kinachopanda ni kupoteza mpira, na hilo lisimtishe mtu. Hata Golden State Warriors, ambao msimu wa 2013–14 walikuwa mkiani mwa ligi kwa idadi ya pasi, walipoanza kucheza kwa mwendo chini ya Steve Kerr walipoteza mpira kupita kiasi katika wiki za kwanza. Walimaliza msimu wa 2014–15 na ushindi 67 na ubingwa. La kuchunguza ni aina ya makosa. Pasi iliyotumwa kikapuni wakati mwenzake amerudi nje ni kosa la kusoma: wawili wamemwona mlinzi yuleyule kwa namna mbili, na mazoezi hulirekebisha. Pasi ndefu ya kivivu juu ya mikono ya walinzi ni kosa la tabia, na haliondoki kwa sababu ya mtindo mpya. Makosa ya aina ya kwanza yakipungua mwezi hadi mwezi, kazi inaendelea vizuri hata kama jedwali la ligi bado halijaonyesha. Idadi ya pasi ndiyo takwimu dhaifu kuliko zote, kwa sababu ni rahisi kuipandisha kwa amri.

Ushindi huja mwisho. Kabla yake huonekana ongezeko la leiapu na mitupo ya pointi tatu ya mtu aliyesimama tayari, na kupungua kwa ile mitupo ya kati ya sekunde za mwisho, mtupaji akiwa na mkono wa mlinzi usoni. Timu iliyobadilika kweli inafunga vikapu visivyokumbukwa na mtu.

Mtihani mgumu ni ulinzi wa kubadilishana watu. Kila kizuizi kinapowekwa, walinzi wawili wanapeana wachezaji wao bila kukimbizana, na usomaji wote wa kizuizi unakosa kazi kwa kuwa hakuna aliyeachwa nyuma. Timu zilizokariri hukwama papo hapo. Mpira unarudi kwa mtu mmoja, anadunda, wanne wanatazama. Zinazoelewa huiacha hatua yenyewe nusu njia: mwekaji kizuizi anakaribia, walinzi wanaanza kupeana, naye kabla ya kusimama anateleza kuelekea kikapu katika ule muda mfupi ambao kila mlinzi anadhani ni mtu wa mwenzake. Pasi inatakiwa iondoke wakati huohuo, chini, upande wa mkono wa mbali na walinzi. Ikichelewa kwa hatua moja, nafasi imezibwa.