Swali Ndani ya Swali: Namna ya Kulipima kwa Rekodi za Chai

Chukua rekodi za majani chai, mfano wa zile zinazoweza kutoka kiwanda cha Kebirigo, Nyamira, au Nyamache, Kisii. Meneja anataka wakulima waliopeleka mzigo wa zaidi ya kilo 50 kwa mpigo mmoja mwezi wa Julai. Hilo ni swali ndani ya swali: mkulima yupi, na kati ya mizigo yake, upi. Ukitaka kujua kama fundi wa programu ameliandika vyema, mtafute mkulima aliyetoka kwenye majibu bila haki.

Jozi ya mwezi na kilo isivunjike. Tunga mkulima wa majaribio: Machi kilo 60, Julai kilo 12. Asitoke. Katika SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, hatoki, mradi mwezi na uzito vimeulizwa kwenye swali dogo lilelile, kwa kuwa kila mzigo una safu mlalo yake. Elasticsearch, ambayo ni injini ya utafutaji, usipoielekeza, huweka miezi yote upande huu na kilo zote upande ule, kama karani aliyemwaga vikapu vyote kwenye gunia moja. Julai ipo, 60 ipo, basi mkulima anatoka. Tangaza mizigo kuwa ya aina ya `nested` kabla ya kuingiza rekodi, kisha uiulize kwa `nested` vilevile.

Ukanusho ukae mahali pake. Sasa tafuta wasiopeleka chochote Julai. Katika Elasticsearch, `must_not`, yaani sharti la kukanusha, ikiwa ndani ya `nested`, atatoka yeyote mwenye mzigo wa mwezi mwingine, hata kama Julai pia alipeleka. Iwe nje ya `nested`. SQL nayo ina mtego: kwa `NOT IN`, mzigo mmoja wa Julai usio na namba ya mkulima unatosha kurudisha orodha tupu. Ndiyo maana fundi mzoefu huandika `NOT EXISTS`.

Gharama ihesabiwe. Katika Elasticsearch, kuongeza mzigo mmoja huandika upya hati nzima ya mkulima pamoja na mizigo yake ya zamani. Kwa mtu anayechuma mwaka mzima, gharama hiyo hurudiwa kila mzigo; basi malipo ya mwezi na bonasi yakae SQL. Injini ya utafutaji ipewe kazi yake: kuipata Nyansiongo hata karani akiandika Nyasiongo.

Kabla ya kulipia kazi, dai rekodi nne za majaribio: mkulima anayestahili, mwenye jozi iliyovunjika, asiye na mzigo wowote, na mzigo usio na namba ya mkulima. Fundi atakayekutajia majibu ya rekodi hizo kabla ya kubonyeza kitufe, mpe kazi.