Ushujaa wa Kufa na Ushujaa wa Kufika: Ushairi wa Safari za Ncha za Dunia na Msafara wa Ufipa wa 1873

Katika ushairi wa safari za ncha za dunia, shujaa huwa ni mtu mmoja aliyeondoka asirejee. Franklin aliondoka Uingereza mwaka 1845 na merikebu mbili, na watu 129 wakaangamia katika barafu ya kaskazini. Tungo fupi ya Tennyson iliyo kwenye ukumbusho wake katika kanisa la Westminster Abbey, London, inasema naye peke yake, mabaharia hawamo. Derek Mahon, katika "Antarctica", anautilia kejeli utukufu wa Oates, aliyetoka hemani Machi 1912 asiwe mzigo kwa wenzake. Hata hivyo, macho ya shairi hayaondoki kwa yule anayetoka.

Msomaji wa tenzi haoni ugeni hapo. Liyongo wa Muhamadi Kijumwa anatambua kwamba mwanawe amelaghaiwa, na bado anamfichulia siri ya kifo chake. Tofauti ni kwamba kifo cha Liyongo kinaugusa mji mzima: amepiga goti kisimani na upinde wake, na watu wanaogopa kuteka maji.

Ndani ya Westminster Abbey hiyohiyo lipo kaburi la David Livingstone, aliyezikwa tarehe 18 Aprili 1874. Maandishi yake yanaanza na mikono miaminifu iliyomleta. Ni mikono tu, haina majina. Wenye mikono hiyo ni Chuma, Susi, Jacob Wainwright, Halima mpishi na wenzao, waliobeba maiti kutoka kwa Chitambo, alikofia Mei 1873, wakapita Ufipa na Unyanyembe hadi Bagamoyo, Februari 1874. Baadhi yao walifia njiani.

Kwa maoni yangu, neno "uaminifu" ndilo linalowapunja. Mwaka 1872 walipita nchi hii pamoja na Livingstone, wakichoshwa na vilima vya kando ya Ziwa Tanganyika. Walipokuwa wenyewe, waliliacha ziwa mbali, wakashika njia ya bara kupitia Ufipa. Huo ni uamuzi wa viongozi wa msafara, na mkazi wa Sumbawanga aliyewahi kuteremka hadi ziwani kwa miguu ataelewa uzito wake. Huko Kwihara, Luteni Cameron aliwashauri wamzike palepale, walikataa. Mbele yake, njia ilipokuwa na hatari, waliifunga maiti ikafanana na mtumba wa nguo. Mtiifu hangoji kusifiwa kwa akili, na pengine ndiyo sababu sifa hiyo hawakupewa.

Ugumu uliobaki ni wa kifani. Tungo ya kaburini huhitaji kifo ili ifungike, ilhali hawa walifika. Riwaya imekwisha kuwapa nafasi: Petina Gappah, mwaka 2019, alimfanya Halima msimulizi. Utenzi, ambao hauchoshwi na urefu wa safari wala wingi wa majina, ungeweza kuanzia pale walipokaa kwa Chitambo, kabla ya mzigo kuinuliwa, wakishauriana kama wamzike au wambebe.