Ikisiri si Muhtasari

Miongozo kadhaa ya kuandaa makala za utafiti humtaka mwandishi atangulize "muhtasari". Neno hilo twaliona limeelemewa. Mwalimu wa Masama aandikaye juu ya mifongo, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia mashamba, hulijua kuwa ni orodha ya mada za kufundisha. Mtendaji wa kijiji hulijua kuwa ni kumbukumbu za mkutano. Si ajabu basi mwalimu huyo akaorodhesha sehemu za makala badala ya kueleza tatizo, njia na matokeo, na mhariri akamrudishia kazi. Lipo neno "ikisiri", na jarida Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hulitumia. Twashauri miongozo ilishike, na "muhtasari" libakie shuleni na vikaoni.