Kumfuata arawla: mawindo ya kwanza bila bunduki

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa hiyo anayetaka kujifunza kuwinda swala Garissa leo hujifunza kazi yote ya mwindaji isipokuwa risasi: kumtafuta mnyama, kumfuata, kumkaribia na kumtambua. Mimi niliianza asubuhi moja ya Novemba kwenye tambarare za kusini mwa Hagadera, upande wa kuelekea Mto Tana, nikimfuata mzee aliyechunga ng'ombe huko tangu utotoni. Tulikuwa tunamtafuta hirola, swala ambaye Wasomali humwita arawla. Jina lake la kisayansi, Beatragus hunteri, lilitokana na H.C.V. Hunter, mwindaji Mwingereza aliyemkuta karibu na Tana mwaka 1888. Wachungaji walikuwa wakimjua siku zote. Katika miaka ya 1970 hirola walizidi 10,000. Sasa hawafiki 500, na hawana makao mengine ya asili isipokuwa eneo hili la mpaka wa Kenya na Somalia.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu ya mwanga. Unyayo ukiutazama kutoka juu wakati wa adhuhuri huoni kitu. Jua likiwa chini, nawe umeuweka unyayo kati yako na jua, ukingo wa kwato hutupa kivuli na alama yote inajichora. Mzee alichuchumaa penye nyayo za mbuzi, akanionyesha vishimo vidogo vya matone ndani yake. Hatua chache mbele palikuwa na nyayo nyingine, ndefu zaidi na zilizochongoka mbele, hazina tone hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa manane. Mbuzi walipita kabla ya mvua, arawla baada yake. Kisha akaokota punje ya mavi na kuivunja kwa kijiti: nje ilikuwa imeanza kukauka, ndani bado mbichi, ya kijani. Hawakuwa mbali.

Hapo nikafanya kosa ambalo nadhani kila mgeni wa kazi hii hulifanya. Nilizishika nyayo kama mtu anayefuata barabara, macho chini, nikasahau upepo uliokuwa ukinipiga mgongoni. Niliinua kichwa nikaona mikia myeupe ikipotea, mbali mno hata kwa darubini.

"Abti, wewe unafuata miguu," mzee aliniambia. "Fuata pua yake."

Alichota vumbi kwa vidole viwili, akaliachia taratibu, akatazama lilikoelekea. Tuliziacha nyayo kabisa. Tukazunguka nusu duara kubwa, karibu saa nzima, mpaka upepo ukawa unatupiga usoni. Tulipolikaribia kundi hatukulielekea moja kwa moja. Tulipita mshazari, polepole, bila kukazia macho, kama wachungaji wanaoenda zao. Arawla wamezoea kula karibu na ng'ombe, na naamini mwendo wa mchungaji hauwashtui kama mwendo wa mtu anayewajia. Tukaketi nyuma ya kichuguu.

Kuhesabu nako kuna mtego. Niliona pembe kila mahali nikaandika madume kumi. Kumbe kwa arawla jike na dume wote wana pembe, na kundi la majike kwa kawaida huwa na dume mmoja tu mkubwa. Mzee alinifundisha kuangalia unene wa shina la pembe na shingo, halafu weusi wa tezi zilizo chini ya macho, ambazo pamoja na mstari mweupe wa usoni humfanya aonekane amevaa miwani. Nikafuta, nikaandika upya: majike tisa, dume mmoja.

Mahali walipokuwa pia ni somo. Arawla ni mla nyasi wa mahali peupe. Watafiti waliowafunga majike kadhaa kola za setilaiti waligundua kwamba wanyama hao huchagua nyasi na kukwepa vichaka, huku miti katika eneo lao la zamani ikiongezeka zaidi ya maradufu kati ya 1985 na 2012. Ugonjwa wa sotoka uliwaua wengi miaka ya 1980, na nyasi walizohitaji ili waongezeke tena zimezidi kufunikwa. Kwa anayewatafuta, maana yake ni kwamba hana haja ya kupoteza asubuhi ndani ya kichaka.

Tukirudi, nilikuta unyayo wa arawla mmoja ukiachana na wengine kuelekea mgunga wa pekee. Ulikuwa mpya, rahisi kusomeka, upepo uko upande wetu. Niliona nimekwisha kuiva, nikaanza kuufuata. Mzee alinishika mkono. Huu ni msimu wao wa kuzaa, akasema, na jike akikaribia kuzaa hujitenga peke yake na kukaa siku kadhaa na ndama kabla ya kurudi kundini. Akimwacha kwa kutuogopa, fisi atamkuta.

Niliandika "jike 1, peke yake", tukapita mbali na mti ule.